Mtu Wetu Kituoni

Visaranai, filamu ya mwongozaji Mtamil Vetrimaaran, nimeitazama mara mbili. Vipigo vimo, tena vya kukufanya utake kuzima simu. Lakini kinachonirudia usiku ni lugha.

Pandi na wenzake ni vibarua Watamil walioenda kutafuta riziki Guntur, jimbo la Andhra Pradesh, ambako watu huongea Kitelugu. Wanalala kwenye bustani ya umma ili waokoe pesa. Siku moja polisi wanawazoa. Wanachapwa kabla ya kuambiwa kosa. Wakiuliza kwa Kitamil, wanajibiwa kwa Kitelugu na rungu. Kumbe kuna wizi umetokea kwa tajiri mmoja, na wakubwa wanataka kesi ifungwe haraka. Nani rahisi kubambikiwa kuliko mgeni asiyejua hata anashtakiwa nini?

Haya hayakutoka hewani. M. Chandrakumar, dereva wa tuktuk kutoka Coimbatore, aliyapitia mwenyewe mikononi mwa polisi wa Guntur, akaandika riwaya, Lock Up. Vetrimaaran akaitengenezea filamu. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Venice mwaka 2015, na mwaka uliofuata India ikaiteua kuiwakilisha kwenye Oscar.

Sasa, ndugu yangu alipozolewa kwenye msako fulani hapa Nairobi, mama hakuuliza amefanya nini. Aliuliza, "OCS ni wa wapi?" Sote tulielewa. Simu zikapigwa mpaka akapatikana mtu wetu, anayeongea lugha ya nyumbani. Kabla ya saa sita usiku ndugu yangu alikuwa mezani anakula. Vijana aliokamatwa nao, ambao hawakuwa na mtu wao, walilala sero.

Pandi naye anampata mtu wake. Kortini anatokea Muthuvel, afisa wa polisi Mtamil, anawatafsiria mbele ya hakimu, wanaachiliwa. Hapo nilishusha pumzi. Lakini filamu ndiyo kwanza imefika katikati. Afisa huyo huyo anarudi nao Tamil Nadu, kisha anawaambia wasafishe kituo chake kabla ya kwenda zao. Wakiwa humo na mafagio, wanasikia jinsi polisi wanavyopanga kuficha kifo cha mtu aliyefia mikononi mwao. Wanasikia kwa Kitamil, kila neno. Guntur waliteswa bila kuelewa kitu. Hapa wanauawa kwa sababu wameelewa.

Mama bado ana namba ya mtu wetu kwenye simu. Mimi pia ninayo, na siifuti, maana naujua mji huu. Ila Vetrimaaran ameniachia swali: siku mtu wetu akiambiwa na bosi wake achague kati yangu na kazi yake, hiyo lugha ya nyumbani itanisaidia nini?