Kamba ya Pangaboi

Neno "pangaboi" limezoeleka mno masikioni mwa watu wa pwani hata hapana tena aulizaye lilikotoka. Wengi wakilisikia hukumbuka panga, maadam chombo chenyewe kina mapanga matatu au manne yanayoikata hewa darini. Waama asili yake ni nyingine. "Pankha" ni neno la Kihindi lenye maana ya upepeo, na "boy" ni lile jina ambalo Waingereza wa zama za ukoloni walimwitia mtumishi wao, awe kijana au mzee mwenye wajukuu. Katika majumba ya wakubwa huko Bara Hindi palining'inizwa darini kitambaa kipana kilichowambwa kwenye mti. Kamba yake ikapenyezwa ukutani hadi barazani, na huko akakaa mtu akiivuta na kuilegeza, usiku na mchana, pengine akiwa ameifunga kwenye kidole cha mguu ili aivute hali amelala chali. Waliokuwa ndani walipata upepo. Aliyekuwa nje alipata jasho. Umeme ulipokuja mvutaji akaondoka, lakini Kiswahili kikalibakisha jina lake juu ya mashine, kana kwamba lugha haikuridhia kusahau kuwa kila raha ina mtu anayeivutia kamba.

Kabla ya pangaboi, pwani ilikuwa na elimu yake ya upepo. Watu walizijua kaskazi na kusi kwa majina na kwa tabia: kaskazi ya Disemba hadi Machi, yenye joto lake, iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ya katikati ya mwaka, yenye nguvu na ubaridi, iliyoyarudisha makwao. Nyumba zilijengwa kwa adabu ya pepo hizo. Katika Mji Mkongwe wa Unguja kuta ni nene, za mawe na chokaa, ili joto la mchana lichelewe kufika ndani. Dari ziko juu, zimebebwa na boriti za mikoko. Na ua wa kati huiachia hewa ya moto njia ya kupanda. Upepeo wa ukili haukuwa mbali na kitanda, na mama aliyempepea mtoto mwenye homa hadi alfajiri ndiye aliyekuwa pangaboi wa nyumba yake, pasi na ujira. Lugha yenyewe imeziweka pamoja sauti za upepo, upepeo, kupepea na Pepo, na mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa kwa nini.

Mashine mbili zilizokuja baadaye zina nasaba za kustaajabisha. Pangaboi la umeme linatokana na cherehani. Philip Diehl, Mjerumani aliyehamia Marekani na kufanya kazi katika kiwanda cha Singer, ndiye aliyeichukua mota ya cherehani katika miaka ya 1880, akaifunga mapanga na kuining'iniza darini. Kiyoyozi nacho kilizaliwa kwa ajili ya karatasi. Mwaka 1902, katika kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, unyevu wa kiangazi uliitanua na kuinywesha karatasi hata rangi zisikutane mahali pake. Ndipo mhandisi wa miaka 25, Willis Carrier, akabuni mtambo wa kuikausha hewa. Walioburudika mle ndani waliburudika kwa bahati tu, kwa kuwa aliyekusudiwa ni karatasi. Wapenzi wa vitabu wana haki ya kutabasamu hapo.

Nasaba hizo zaonyesha kuwa kila kimoja kina kazi yake. Lakini katika nyumba nyingi za visiwani kiyoyozi kilipobisha hodi kilipokewa kama mfalme, na pangaboi likatendewa kama mtumishi aliyezeeka. Katika nyumba moja ya Ng'ambo, bibi mmoja aliletewa kiyoyozi kwa fedha za mwanawe aliyeko Maskati. Fundi alipokwisha kukifunga alitazama juu, akasema, "Bibi, na pangaboi hili tulishushe? Halina kazi tena, na chumba kitapendeza."

"Liache, mwanangu," bibi akajibu. "Ukipata mgeni, humtoi mwenyeji nyumbani."

Fundi akacheka. "Haya, Bibi. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Pangaboi likabaki, lakini likabaki kama pambo. Wajukuu walikishusha kiyoyozi hadi nyuzi 18, wakajifunika mablanketi, wakalala. Yuniti zilizozoea kumaliza mwezi hazikufika nusu yake. Fedha za kitoweo zikawa zinaingia kwenye mita, na bibi, aliyeona haya kumwambia mwanawe kuwa zawadi yake inawala, akaanza kukizima kiyoyozi saa sita za usiku na kulala katika joto la chumba kilichofungwa madirisha. Hii ndiyo hali ambayo methali ya fundi ilikusudiwa kuizuia. Mgeni amekuja, mwenyeji hajapona.

Ili methali itimie, sharti ifahamike kila mmoja anafanya nini. Pangaboi halikipoozi chumba. Kipimajoto kikiwekwa katika chumba kitupu hakitashuka hata kama mapanga yamezunguka kutwa nzima. Linachofanya ni kuiondoa ile hewa iliyoshiba jasho na joto la mwili, inayoganda juu ya ngozi, na kuleta nyingine mahali pake. Jasho hukauka, na likikauka huondoka na joto la mwili. Pangaboi basi humpooza mtu, na kuliacha linazunguka katika chumba kisicho na mtu ni kumpepea aliyekwisha kuondoka. Udhaifu wake ni kuwa haliwezi kuikausha hewa, na hewa ya kaskazi na ya masika imejaa unyevu, jasho likawa halikauki ila kwa taabu. Hapo ndipo inapoonekana fadhila ya kiyoyozi. Yale maji yadondokayo kwenye mpira wake nyuma ya ukuta ni unyevu ule ule uliokuwa ukiwaelemea waliomo ndani. Kimoja hukausha, kingine huzungusha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hesabu yake si ngumu. Pangaboi la kawaida hula wati 60 au 70, na la kisasa lenye mota isiyo na brashi hula karibu nusu ya hizo. Kiyoyozi cha chumba cha kulala, chenye uwezo wa BTU 12,000, hula kadiri ya wati 1,000 kila kompresa yake inapofanya kazi. Pangaboi likizunguka saa 8 za usiku hutumia nusu yuniti hivi; kiyoyozi ambacho kompresa yake imefanya kazi saa 6 kati ya hizo 8 kimekwisha kula yuniti 6. Idara ya Nishati ya Marekani huwashauri wenye nyumba kuwa, pangaboi likizunguka, kiyoyozi chaweza kupandishwa nyuzi 4 za Farenhaiti, yaani kama nyuzi 2 za Selsiasi, na aliyemo ndani asihisi upungufu wa raha. Sasa, ikiwa nje ni nyuzi 30 na ndani panatakiwa 24, joto huusukuma ukuta kwa tofauti ya nyuzi 6. Ndani pakiwekwa 26, tofauti ni 4, na theluthi ya joto lipenyalo ukutani na dirishani imekwisha kuondoka. Nusu yuniti ya pangaboi hujilipa hapo. Lakini anayewasha vyote viwili na kukiacha kiyoyozi kwenye nyuzi 18 hakuokoa kitu. Ameongeza mlaji mmoja mezani.

Kuna na hesabu isiyoandikwa kwenye mita. Kiyoyozi hakiliangamizi joto, hulihamisha. Linalotolewa chumbani hutupwa nje, na nje ya chumba cha Mji Mkongwe ni kichochoro ambacho watu wawili waliobeba vikapu hupishana kwa kuombana radhi. Barazani huko hukaa wazee, hupita wanafunzi wa chuoni, hulala jirani ambaye hana kiyoyozi na ambaye dirisha lake liko wazi. Raha ya ndani imekuwa joto la nje, kama ilivyokuwa zama za kitambaa na kamba.

Kamba yenyewe nayo haijakatwa, imerefuka tu. Tangu mwaka 1980 Unguja imepokea umeme wake kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Tanzania Bara, hadi Fumba. Mwezi Mei 2008 njia hiyo ilipata hitilafu, na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ikakatika tena, na umeme haukurudi ila Machi 2010. Miezi mitatu hiyo pampu za maji zilisimama, foleni za ndoo zikazunguka mitaa, na wenye uwezo wakanunua majenereta yaliyonguruma usiku kucha chini ya madirisha ya wasio na uwezo. Pemba iliungwa na Tanga kwa waya wake mwaka 2010, na waya mpya na mnene zaidi ukaletwa Unguja mwaka 2013. Lakini waya mnene hauondoi swali, maana mahitaji nayo hunenepa. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2018 kuwa viyoyozi na mafeni hula kama sehemu moja katika kumi ya umeme wote wa dunia. Wakazi wa kisiwa wana sababu kuliko wengine ya kuuliza nani anaivuta kamba, na amebebeshwa kiasi gani.

Kisiwa kingine, karibu na mstari wa ikweta na chenye unyevu usiopungua wa hapa, kimekwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore kilifungua mwaka 2019 jengo la kufundishia usanifu ambalo hewa yake hupoozwa na kukaushwa kwa kiasi tu, ikaachwa na joto kuliko ilivyo desturi ya maofisi, kisha mapangaboi ya darini yakaachiwa kuimalizia kazi. Hapana aliyeyaona mapangaboi hayo kuwa alama ya ufukara.

Huku nyumbani kazi haihitaji chuo kikuu. Pangaboi lizungushwe upande unaoshusha hewa chini. Mapanga yake yafutwe vumbi. Yasiwe chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni, na katika vyumba vya kale vyenye dari za juu fimbo yake irefushwe, la sivyo litazipepea boriti. Kiyoyozi kiwekwe nyuzi 26 au 27, na aliyekwisha kusinzia aweza kukizima alfajiri, chumba kingali kikavu, pangaboi likaendelea. Zikija siku za kusi, vyote vizimwe na dirisha lifunguliwe.

Lililobaki ni la wajenzi. Nyumba mpya nyingi zinamwagwa zege, zikapambwa dari nyeupe za kuvutia, na ndani yake hamna hata kulabu moja ya kulitundika pangaboi, kwa kuwa mwenye nyumba ameahidiwa kiyoyozi. Kulabu ni kipande cha chuma cha bei ndogo, nacho huwekwa kabla zege halijakauka. Baada ya hapo ni nyundo, vumbi na gharama. Anayejenga mwaka huu amwambie fundi wake mapema.