Aya Moja kwa Siku



Leo nataka nikuhadithieni aibu yangu moja. Muharram ya mwaka juzi nilinunua daftari jipya lenye jalada la kijani. Watoto walipolala nikakaa nalo, nikaandika malengo yangu ya mwaka. Kuhifadhi Qur-ani yote. Kupunguza kilo 15. Kujifunza kushona. Kujifunza Kiarabu cha kuzungumza. Lile la kwanza nikalipigia na hesabu: msahafu wetu wa Madina una kurasa 604, mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, basi hazifiki hata kurasa mbili kwa siku. Nilivyoona hesabu imekubali, nikalala kama mtu aliyekwishamaliza.

Siku ya 11 nilikuwa na kurasa tatu kichwani, tena za kubahatisha. Kilo sikuthubutu kupima. Daftari nikalisukumiza chini ya kabati la vyombo.

Kazi yangu, kwa msionijua, ni kupamba maharusi. Bibi harusi akishachorwa hina mikononi hana pa kwenda, basi hukaa akazungumza. Mmoja alinambia nimfungulie simu yake nisome orodha ya mambo atakayoyafanya akishaolewa. Yalikuwa 22. Aamke tahajudi kila usiku, apike chakula kipya kila siku, amalize digrii, asome kitabu kila wiki. Namba 9 ilikuwa "nisikasirike." Nilicheka mpaka ua nililokuwa nalichora likapinda. Naye akacheka. Halafu nikakumbuka la kwangu liko chini ya kabati, nikanyamaza.

Lakini si yeye aliyenizindua. Ni mama mkwe wangu.

Anaishi na sisi. Tangu nimjue halali bila ya kusoma Tabaraka, na anaisoma kwa kichwa, alihifadhi tangu chuoni. Sasa umri umekwenda. Anaanza vizuri, akifika katikati anarudi mwanzo, na tena mwanzo, mpaka anachoka. Usiku mmoja akaniita: "Mwanangu, njoo unisomee, mimi leo inanikimbia." Nikakaa kitandani kwake nikaanza bila ya msahafu, maana hata mimi niliihifadhi chuoni nikiwa na miaka kumi. Nilifika aya ya 16 nikakwama. Nikajaribu tena, nikakwama palepale. Akanipapasa mkono akasema, "Basi, tutamalizia kesho." Nilikwenda jikoni nikalia nikiosha sufuria.

Yule ana ugonjwa wa uzee. Mimi nina udhuru gani? Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alikwishatufananishia Qur-ani na ngamia aliyefungwa: ukimwangalia atakaa, ukimwacha atakwenda zake. Mimi nilimwacha miaka zaidi ya 20, kisha nikataka kukamata zizi zima kwa mwaka mmoja.

Basi nikaweka lengo moja tu. Tabaraka, aya 30. Aya moja kwa siku, Ijumaa hakuna mpya, narudia za nyuma. Hiyo ni wiki tano. Sikuandika popote wala sikumwambia mtu.

Nilivyofanya ni hivi. Baada ya Alfajiri naisoma aya ya siku kwenye msahafu mara kumi, nafunga. Kufunga ndiko kwenye kazi. Zamani nilikuwa nikitazama tu, nasoma na kusoma, naona naijua, kumbe yanayojua ni macho. Kichwa kinashika pale kinapotafuta chenyewe, kinapohangaika kidogo. Kwenye daladala ya Fuoni naisoma moyoni mpaka Darajani. Adhuhuri naiingiza kwenye sunna. Nikikwama, sifungui simu hapohapo, najipa muda niitafute kwanza. Siku za hedhi nilikuwa nasikiliza kisomo tu, maana suala la kusoma wakati huo wanazuoni wamekhitalifiana; muulize mwalimu wako wa chuoni uifuate kauli uliyotulizana nayo.

Wiki tano zikawa tisa. Mtoto aliumwa, kukaja na msimu wa harusi baada ya Idi, siku nyengine nilirudi saa sita za usiku na miguu imevimba. Siku hizo nilisoma zile nilizonazo nikalala. Sikuzilipa kesho yake kwa kujibebesha aya tatu, na hili nawaambieni maharusi kwa msisitizo, kwani mimi daftari langu liliuliwa na madeni. Nilikosa Jumatatu, nikataka kuilipa Jumanne, ilipofika Alkhamisi nadaiwa kurasa nane.

Zilizonitesa ni zile zinazofanana. Aya ya 16 na ya 17, moja inakupeleka kwenye ardhi na moja kwenye upepo wa mawe. Ya 23 na ya 24 zinaanza sawasawa. Ya 28 na ya 30 vilevile, ukighafilika unajikuta umeruka umemaliza sura! Nilizipanga mbilimbili, nikazisoma kwa maana yake, ndipo zikatengana.

Sitasema nimekuwa na akili ya ajabu. Funguo bado naziacha kwenye friji. Lakini miadi ya maharusi wa mwezi mzima sasa nakaa nayo kichwani, na nikisoma kitu sikimbilii simu kila dakika mbili.

Usiku nilipomaliza nilikwenda kwa mama mkwe bila ya kuitwa. Siku ile aliamka hanijui, mchana kutwa akiniita jina la dada yake. Nikaanza. Alikuwa amefumba macho, nikadhani kalala. Nilipofika aya ya 23 nikaingia ya 24 kwa kukosea. Akagonga kitanda kwa kidole, mara mbili. Nikarudi. Akanisomea neno lenyewe, tukaenda pamoja mpaka mwisho.

Sasa niko kwenye Sajda, nayo ina aya 30. Jana nilishika ya nane. Yule bibi harusi wa namba 9 tulionana sokoni wiki iliyopita, ana mimba, kanambia orodha kaifuta kabakisha rakaa mbili za usiku, na hasira bado anazo.

Niombeeni dua, na mama muombeeni shifaa.