Mwaka Mmoja Dukani Tunduma

Ulipowadia mwaka wa mafunzo kwa vitendo, ambao chuo chetu cha biashara kiliuweka kuwa sharti la kuhitimu, aghalabu ya wenzangu walitamani kubaki Dar es Salaam, karibu na Kariakoo, ambako nguo za jumla huteremshwa usiku na mchana. Mimi, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu na kwa hisani ya ndugu yangu mmoja mwenye kujuana na wafanyabiashara wa Nyanda za Juu, nikapata nafasi katika duka la nguo la Tunduma, mji wa mwisho wa nchi yetu kwa msafiri aendaye Zambia kwa barabara kuu.

Basi liliondoka Mbezi kabla ya mapambazuko, likapita Chalinze na Morogoro, likaikata mbuga ya Mikumi, likaupanda mlima wa Kitonga kwa kujikokota nyuma ya malori, kisha Iringa, Mafinga na Makambako zikapita, hata tukaingia Mbeya usiku, baridi ikitupenya mifupani. Kesho yake nikaendelea na safari ya kilomita 100 na ushei, nikipita Mlowo na Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, huku mibuni ya Mbozi ikionekana mabondeni na vilimani. Na kabla sijauona mji wenyewe niliiona foleni ya malori, mengine yakishusha shaba ya Zambia na Kongo kwenda bandarini, mengine yakipandisha mafuta na bidhaa. Sambamba na njia hiyo hupita reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi huko Zambia.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, mwenye murua na maneno machache. Nilipomwamkia, "Shikamoo mama," alinitazama toka utosini hadi kwenye viatu, akasema, "Marahaba, mwanangu. Vyeti vyako vihifadhi vizuri. Kesho utashika ufagio, keshokutwa utashika vitenge, na kaunta tutaangalia huko mbele." Na ndivyo ilivyokuwa.

Kitenge, ambacho chuoni nilikisoma kwa mistari miwili mitatu, kilinichukua miezi kukifahamu. Mnunuzi wa kike wa Tunduma hakiulizi bei kwanza. Hukitandua, akakigeuza upande wa ndani aone kama rangi imepenya sawasawa, akalilowesha pindo kwa ncha ya kidole na kulisugua aone kama linachuja, akakikunja kiganjani na kukiachia aone makunyanzi. Na hayo yote akiyafanya huzungumza habari za mvua na za watoto, mpaka muuzaji mgeni adhani hana haja. Mama alinifundisha ninyamaze wakati huo. "Mkono wake unasoma," aliniambia, "usimsemeshe mtu anayesoma."

Jambo la pili nililojifunza lilikuwa mpaka. Tangu mwaka 2019 maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja katika kituo cha pamoja, nao Wanyamwanga, waliokuwako kabla mpaka haujachorwa, wako Tunduma na wako Nakonde, upande wa Zambia, na undugu wao haukukatwa na geti. Wateja wetu wengi walitoka ng'ambo, hata tulikuwa tukipokea shilingi na kwacha kwa pamoja. Kila asubuhi, kabla ya kufungua milango, nilitumwa kwa wabadilishaji fedha kuuliza kima cha siku hiyo. Kwani kwacha ikidhoofika, mnunuzi wa Zambia huondoka na kipande kimoja, na ikipata nguvu huja na begi tupu akarudi nalo limefura.

Walakini mwalimu mkubwa kupita mpaka ni majira. Juni na Julai baridi ya nyanda za juu huuza masweta na makoti; na fedha za kahawa zikianza kuingia mikononi mwa wakulima wa Mbozi, ndipo harusi hufululiza na vitenge vya bei hutoka. Novemba mvua zikianza, fedha ile ile huingia ardhini pamoja na mbegu na mbolea, duka likapoa. Desemba huamka tena kwa ajili ya Krismasi, na Januari mzazi hataki kuonyeshwa kingine ila sare za shule. Fauka ya hayo, mkoa wenyewe hauna hali ya hewa moja: tulipopeleka bidhaa mnadani Kamsamba, katika bonde la Momba lenye joto, masweta hayakuguswa, ila khanga na magauni mepesi yakaisha kabla ya adhuhuri.

Nayo mitumba? Mnamo mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuziondoa nguo hizo katika masoko yetu hatua kwa hatua, lakini Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya ushuru, nchi zilirudi nyuma isipokuwa Rwanda. Hivyo mabelo ya mitumba yangali yakifunguliwa, na shati la mtumba huuzwa kwa bei isiyowezekana dukani. Mama hakushindana nalo kwa bei. Aliuza kile ambacho belo halina, yaani nguo za kufanana: kwaya ya kanisa, kikundi cha kukopeshana, ukoo wenye harusi, wote hutaka kitenge cha chapa moja kwa watu thelathini au arobaini, na katika belo kila nguo huja peke yake. Daftari la sare, alilolifungia katika mtoto wa meza, ndilo lililolipa kodi ya pango.

Alhasili, kama ningalikaa wiki nane tu, kama ilivyo desturi ya vyuo vingi, ningaliondoka na habari za msimu mmoja, nikazidhania kuwa ndiyo biashara yote. Aliyekuja Julai angaliapa kwamba Tunduma ni mji wa masweta, na aliyekuja Februari angaliandika kwamba watu wake hawanunui. Kwa hiyo nawasihi wakuu wa vyuo vyetu vya biashara wawape vijana mwaka kamili, na wasiwarundike wote Dar es Salaam. Wawapeleke miji ya mpakani kama Tunduma, Namanga, Mutukula na Kasumulu, kwa watu walio tayari kuwakabidhi kwanza ufagio, kisha kitenge, na mwishowe kaunta.