Kanzu Iliyonidanganya

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Uganda, nasomea ualimu wa Kiswahili na Historia. Mwishoni mwa juma hupiga picha za sherehe ili nipate nauli na pesa za kutoa nakala. Kamera yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, na kwa mwaka mzima kitufe chake kilichoandikwa WB sikukijali. Nilidhani ni cha watu wa studio.

Desemba iliyopita niliitwa kupiga picha za kwanjula, yaani siku ambayo msichana anamtambulisha mchumba wake kwa wazazi, katika kijiji kimoja karibu na Masaka. Tulipatana shilingi 200,000, nusu kabla na nusu baada ya picha. Baba wa msichana anafanya kazi Juba, Sudan Kusini, na alikuwa amepata ruhusa ya siku mbili tu.

Asubuhi jua lilikuwa kali, nikaiweka kamera kwenye alama ya jua. Saa nane mchana mvua ikashuka, mahema yakavuja, na wazee wakaamua mambo yamalizikie sebuleni. Mapazia yalikuwa mazito, na juu zilining'inia balbu mbili za zamani, zile zenye uzi unaowaka ndani. Mimi niliona kila kitu kiko sawa. Kanzu zilikuwa nyeupe, gomesi ya bibi harusi ilikuwa ya waridi, baba alimshika binti yake mkono akacheka. Nikapiga picha zaidi ya 300 bila kugusa kitufe chochote.

Usiku, kwenye kompyuta, wote walikuwa kama waliopakwa bizari. Nilijaribu kupunguza manjano kwa programu. Nyuso zikawa za kijivu kama majivu, na vivuli vikajaa chembechembe. Kumbe nilikuwa nimehifadhi picha kama JPEG ili kadi isijae, na katika JPEG kamera inakuwa imeshaamua rangi na kutupa mengi ya yale ambayo haikuyatumia. Kama ningechagua faili ghafi, lile linaloandikwa RAW, ningeweza kuirekebisha rangi baadaye bila hasara kubwa.

Nilipozipeleka, shangazi wa bibi harusi, ambaye kwetu huitwa ssenga, alizitazama kimya, moja baada ya nyingine. Kisha akasema kwa Kiganda, "Mwanangu, mbona umemfanya binti yetu mgonjwa wa ini?" Nusu ya pili ya pesa haikutoka, nami sikuwa na uso wa kuidai.

Kaka mmoja mwenye studio ya picha za pasipoti ndiye aliyenieleza. Alisema macho yetu husamehe. Tukiingia chumba chenye balbu ya manjano, baada ya muda mfupi ubongo huitoa ile manjano, na karatasi tunaiona nyeupe kama tulivyoizoea. Kamera haina msamaha huo isipoambiwa ni mwanga wa namna gani. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: balbu ya uzi huwa karibu 2,800, jua la mchana karibu 5,500, kivuli cha nje hata 7,000 na zaidi. Kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyoelekea buluu. Mimi niliiambia kamera kwamba tuko juani, 5,500, nayo ikanitii. Taa ndefu za mirija, kama zile za madarasa yetu, mara nyingi huleta ukijani, nao huondolewa kwa kuongeza rangi ya zambarau-nyekundu.

Nilimwomba ssenga ruhusa ya kurudi kumpiga bibi harusi upya bila malipo, sebule ileile, gomesi ileile. Alikubali, nadhani kwa kunihurumia. Safari hii nilijua kwamba kamera inaweza kuonyeshwa kitu cheupe na kujipima kwacho. Kitu cheupe gani? Bwana harusi alikuwa amevaa kanzu. Nikaipiga picha kanzu, nikaiambia kamera: huu ndio weupe.

Bibi harusi akatoka wa buluu. "Sasa umemuua kabisa," ssenga akasema.

Kanzu ilikuja Buganda kutoka pwani, pamoja na jina lake, lakini ya kwetu ina nakshi nyekundu iliyokolea kifuani, na kitambaa chake mara nyingi ni cha rangi ya maziwa yaliyokaa. Niliidanganya kamera kwamba maziwa hayo ni weupe, ikaondoa manjano kupita kiasi. Isitoshe, nilikuwa nimefungua pazia ili mwanga uongezeke, kwa hiyo shavu moja lilipata balbu na jingine dirisha. Hakuna namba moja ya kelvini inayotosha kwa mashavu hayo mawili.

Nikazima taa, nikabaki na dirisha peke yake. Nikatoa karatasi ya kutolea nakala kwenye mkoba wangu wa chuo, nikamwomba ssenga aishike mbele ya uso wa bibi harusi. Aliishika kama mtu anayeapishwa mahakamani. Nikapima, nikapiga. Ngozi ilikuwa ngozi, ya kahawia yenye wekundu kidogo, na waridi likawa waridi. Ssenga aliitazama muda mrefu, akaingia chumbani, akatoka na shilingi 70,000. Thelathini alisema ni za usumbufu.

Lakini baba alikuwa amesharudi Juba. Ile picha aliyocheka akiwa ameshika mkono wa binti yake ni ya siku ile ya balbu, na hakuna nyingine. Nilihangaika nayo wiki nzima, mwishowe nikaiondoa rangi yote ikawa nyeusi na nyeupe. Wameitundika sebuleni juu ya redio. Nasikia wageni wakiiona huuliza ilipigwa mwaka gani.