Alhamisi Nyumbani kwa Bibi

Kila Alhamisi alasiri nyumba ya Bibi ilikuwa ya watu wa ushirika wa maombi. Asubuhi sisi wajukuu tulitumwa kukata nyasi mbichi za kutandaza sakafuni, desturi ya Wahaya wanapotarajia wageni, na kila aliyefika alikaa juu ya nyasi hizo, hata mwalimu mkuu. Kijiji chetu kiko kaskazini ya mji wa Bukoba, upande wa ziwa. Migomba na mibuni imeshonana kiasi kwamba nyumba ya jirani huioni, unasikia tu kuku wake. Nasimulia miaka ya 1970. Kijijini watu hao wa ushirika waliitwa walokole, yaani waliookoka. Wenyewe waliitana ndugu, wakasalimiana "Bwana asifiwe" kwa kukumbatiana, mke wa mchungaji na mchunga ng'ombe sawasawa, na hilo peke yake lilitosha kuwashangaza watu.

Asili ya uamsho wao waliisimulia kama watu wanavyosimulia ukoo. Mwaka 1929, kilimani Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa amechoka na kuvunjika moyo kwa kazi ya hospitali ya Gahini huko Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, mwenye kiu ileile ya Mungu. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho ukazuka Gahini, alikokuwa akifundisha Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi. Blasio alifariki Januari 1936, bado kijana, lakini habari ile ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka: Kigezi, Buganda, baadaye Kenya, na kwetu Buhaya, kwa Waanglikana na Walutheri pia. Askofu wetu, Josiah Kibira, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Juni 1977, jijini Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, na kijijini tulitembea vichwa juu. Bibi alifurahi pia, ila kilichomgusa zaidi katika historia ile yote ni kwamba wakati wa ukoloni mzungu alisimama mbele ya Waafrika akatubu dhambi zake.

Mimi neema niliijua kwanza kwa karani wa mizani.

Msimu wa kahawa wakulima walipeleka magunia yao chama cha msingi, na huyo karani ndiye aliyepima. Kila mtu alijua kwamba kilo hupungua njiani kati ya mizani na kitabu, lakini nani angethibitisha? Jioni moja akaja kwa Babu. Babu hakuwa mtu wa ushirika. Alikuwa Mkristo wa Jumapili, na jioni ile alikuwa na kibuyu chake cha lubisi, pombe ya ndizi. Karani alikataa kiti. Mkononi alikuwa na daftari la shule lililokunjwa katikati, na fedha zimefungwa kwenye leso.

"Mzee, mwaka juzi nilikupunja kilo nane. Fedha yako hii."

Babu alimtazama muda mrefu. "Wamekukamata?"

"Hakuna aliyenikamata. Yesu amenisamehe. Mimi sidaiwi tena, nitalalaje na cha kwako?"

"Na wenzangu je?"

Karani alifungua daftari. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Babu, nikaona. Majina ya wanakijiji yameandikwa kwa penseli, mbele ya kila jina kilo, mbele ya kilo shilingi, na majina machache ya mwanzo yamekatwa kwa mstari. Ukurasa ulikuwa umejaa mpaka chini, na upande wa pili vilevile. Alikuwa ameuza baiskeli yake.

Hakuhubiri. Hakumwambia Babu aokoke, wala hakumtajia jehanamu. Babu alimwagiza shangazi alete kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikaanikwa, naye karani akachukua chache, akashukuru, akaenda kwa jirani. Baada ya siku kadhaa ni Babu aliyeshika fimbo kumfuata. Alitaka kujua huyo Yesu alimsamehe vipi mtu mzima aliyekuwa mwizi. Walikaa chini ya mti hadi giza likaingia.

Tangu hapo nimesikia mahubiri mengi ya vipaza sauti, na wahubiri wanaotangaza idadi ya waliookoka kana kwamba nao wanapima magunia. Naamini wengi wao wana nia njema. Lakini anayehubiri ili apate kitu, hata kama kitu chenyewe ni kibali mbele za Mungu, atamkasirikia anayekataa. Watu wa Bibi walikuwa wamekwisha kupokea. Sura waliyoipenda ni ya 5 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, ile ya upatanisho, na ukurasa huo katika Biblia ya Bibi ulikuwa umelegea, umeshikizwa kwa uzi. Babu hakuwahi kujiunga na ushirika, hadi kufa kwake. Hakuna aliyemwona kama kazi iliyoshindikana. Karani aliendelea kumtembelea.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakakalia nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu wa Misenyi, ng'ambo ya mto, walikuja kwetu na walichoweza kubeba. Kwa Bibi alifikia mama mmoja ambaye mume wake aliuawa na ng'ombe wake wote walichukuliwa. Alhamisi ya pili au ya tatu alisimama katikati ya maombi.

"Ninyi mnasema kusameheana. Mimi nikisikia Kiganda natamani aliyekisema afe."

Ndugu wote walijua habari za Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliyewahi kufundisha Dodoma. Februari 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na utawala wa Amin, alikimbia kwa miguu na mke wake kupitia milimani hadi Rwanda, na mwaka huohuo akaandika kitabu cha kusema kwamba anampenda Amin. Bibi angeweza kumtajia. Hakumtajia.

"Mwanangu, hakuna anayekudai," alisema. "Kaa nasi."

Walimlimia shamba la maharage. Walimjengea jiko. Alipokuwa mgonjwa walipokezana kulala naye. Habari ya kusamehe hakuna aliyeigusa tena.

Amin aliangushwa Aprili 1979. Njia zilipofunguka, ushirika ukapanga kwenda kuwatafuta ndugu wa upande wa pili wa mpaka, ambao hawakuwa wameonana nao tangu vita. Yule mama akaja kwa Bibi na kitenge chake kimeshafungwa, akasema naye anakwenda, kwa sababu ana neno la kuwaambia watu wa Uganda na hataki mtu mwingine awaambie kwa niaba yake.

Walirudi na wageni wawili, wanawake. Jirani mmoja alikataa kuwapa mkono. Mwingine alileta mkungu wa ndizi. Walilala kwa yule mama, katika chumba kilekile alicholala yeye, na Alhamisi iliyofuata watu walijaa mpaka wengine wakasikiliza wakiwa nje, kwenye mibuni.