Jioni ya Forodhani

Nikitokea Dodoma, nchi ya vumbi na mizabibu, nilishuka bandarini Unguja asubuhi, nikautembea Mji Mkongwe kutwa. Mkunazini nilisimama karibu na palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, nilijiuliza: tunapohifadhi mji, tunamhifadhia nani?

Jibu nililipata jioni Forodhani, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009. Nilikula urojo na pweza wa kuchoma, nikashushia maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Kando yangu waliketi mtalii, mchukuzi, na mama na wanawe. Wauzaji walikuwa na meza, taa na nafasi yao. Sikumwona aliyekuwa akihofia mgambo.

Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973. Leo tumejenga wizara Mtumba. Je, mama lishe anayewalisha mafundi na makarani tumemwekea nafasi gani katika ramani zetu? Mji haujengwi kwa ofisi peke yake. Hujengwa pia pale raia wanapoketi na kula pamoja. Tutafakari.