Sanduku la Maoni



Mwezi huu twaomba ruhusa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la wakubwa wa viwanda na mabenki, wala si la watu wauzao sambusa kama sisi. Nalo ni ubunifu katika kampuni. Aghalabu kampuni ikistawi, husemwa kwamba ilijaaliwa mkuu mwerevu, au fedha nyingi, au mitambo mipya. Sisi, baada ya miaka thelathini ya kuajiriwa na kuajiri katika mji huu, tumejifunza vingine. Ubunifu ni desturi ya nyumba nzima, nayo hupimwa kwa swali moja: aliye chini kabisa akisema neno, je, neno lake lafika juu?

Tulipofika Birmingham mwaka 1994 tulipata kazi sote wawili, mke na mume, katika kiwanda kimoja cha vyuma. Karibu na mlango palitundikwa sanduku la maoni, la bati jekundu, lenye kufuli. Katika miaka minne hatukuliona likifunguliwa hata siku moja. Mashine tuliyoisimamia ilikuwa ikidondosha vipande vyake ndani ya kreti iliyowekwa chini mno, navyo vikipondeka kwa kugongana, na kila zamu tukivitupa vingi. Tukamwendea msimamizi, tukamweleza kwamba kreti ikiinuliwa kwa matofali mawili tu, hasara itapungua. Alitujibu bila ya hasira: "Nyinyi mnalipwa kwa ajili ya mikono yenu." Tukarudi kwenye mashine, tukaendelea kutupa vipande, na baada ya miezi michache hatukuviona tena. Hilo ndilo lililotusikitisha zaidi tulipolifikiri baadaye. Mtu akikatazwa kusema, baada ya muda huacha na kuona.

Wazee wa mtaa walipotusikia tukilalamika walitucheka, wakasema kwamba jambo hilo liliwapata watu wenye ujuzi mkubwa kuliko wetu. Wakatusimulia habari za Lucas. Kampuni hiyo ilizaliwa hapa hapa Birmingham. Mwanzilishi wake, Joseph Lucas, katika karne ya 19 alikuwa akiuza mafuta ya taa kwa mkokoteni katika mitaa ya Hockley. Kutoka kwenye mafuta akaingia katika taa zenyewe, za meli na za baiskeli, na waliomfuata wakafika hadi kwenye vifaa vya umeme vya magari na vifaa vya ndege. Kimojawapo cha viwanda vyake kilikuwa Shaftmoor Lane, mwendo mfupi kutoka hapa Sparkhill. Basi nyumba yenyewe iliasisiwa na mchuuzi aliyeonana na wateja wake uso kwa uso.

Katika miaka ya 1970 tawi lake la vifaa vya ndege, Lucas Aerospace, lilikuwa likipunguza wafanyakazi. Wawakilishi wa wafanyakazi kutoka viwanda mbalimbali walikuwa wameunda kamati moja, na mwezi wa Novemba 1974 walionana na Tony Benn, aliyekuwa waziri wa viwanda, naye akawapa shauri waandike mpango wao wenyewe. Wakawaandikia barua wataalamu na taasisi zipatazo 180. Waliojibu walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ndipo walipowageukia wenzao viwandani, wakawauliza: kwa ujuzi tulio nao na mashine zilizopo, twaweza kutengeneza nini chenye manufaa kwa watu? Majibu yakamiminika. Mpango uliotangazwa Januari 1976 ulikuwa na mapendekezo yapatayo 150.

Twaomba msomaji ayatazame machache. Pampu za joto za kupashia nyumba. Mashine za kusafishia damu, ambazo mgonjwa wa figo angeweza kuzitumia nyumbani kwake. Kigari kidogo cha kumwezesha mtoto aliyezaliwa na kasoro ya uti wa mgongo kujiendesha mwenyewe. Na gari ambalo injini yake ndogo ya petroli ingekwenda kwa kasi moja isiyobadilika, ikitia nguvu betri, nayo betri ikaendesha mota ya umeme, ili mafuta yatumike kidogo.

Wakuu wa kampuni waliukataa mpango. Hatusemi kwamba mapendekezo yote 150 yangeleta faida. Hapana mfanyabiashara awezaye kuapa hivyo. Lakini kuamua kitakachotengenezwa kulihesabiwa kuwa ni haki ya wakuu peke yao, na mlango ukafungwa. Mike Cooley, mhandisi aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa kamati ile, alifukuzwa kazi mwaka 1981. Mwaka 1996 Lucas iliungana na Varity ya Marekani, na mwaka 1999 ikanunuliwa na TRW. Ama gari la petroli na umeme, Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani mwaka 1997, ingawa mtambo wake haukufanana kwa kila kitu na ule wa Lucas. Leo ukisimama Stratford Road wakati wa jioni, utazihesabu teksi za aina hiyo hata uchoke, na baadhi yenu mnaosoma haya ndio mnaoziendesha. Pampu za joto nazo, siku hizi serikali hutoa ruzuku ili watu wazitie majumbani.

Mfano wa pili watoka kwetu Afrika ya Mashariki, nao jamaa zetu wanao mifukoni mwao. Mwezi wa Oktoba 2005, nchini Kenya, kampuni za Vodafone na Safaricom zilianza kujaribu njia ya kuhamisha fedha kwa simu ya mkononi, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza. Shabaha ilikuwa ndogo: wateja wa Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo, wapate kulipa mikopo yao kwa simu. Lakini waliousimamia mpango walikaa karibu na watumiaji, wakaona watu wanafanya mambo ambayo hayakuandikwa popote. Huyu alimtumia fedha jamaa yake. Yule mwenye duka aliweka mauzo ya siku yalale humo usiku, kwa kuwa benki zimeshafungwa. Msafiri naye aliweka fedha kwa wakala wa hapa, akazitoa kwa wakala wa kule alikokwenda, ili asinyang'anywe njiani.

Mkuu mfano wa yule msimamizi wetu angesema: "Hayo siyo mliyoagizwa." Wao walifanya kinyume. Habari ya mikopo ikawekwa kando, na M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 ilitangazwa kwa haja moja ambayo kila aliyeacha wazee kijijini anaielewa: kutuma pesa nyumbani. Wenye maduka ya kawaida wakafanywa mawakala, na maelezo yakaandikwa kwa Kiswahili pia. Jambo hili halikubaki katika chumba cha mafundi. Lilibadili kazi ya muuzaji, ya mhasibu na ya anayepokea simu za wateja, hata leo M-Pesa huiletea Safaricom sehemu kubwa ya mapato yake. Waliofundisha kampuni nzima kazi mpya ni wateja wa tabaka la chini, kwa sababu palikuwa na mtu wa kuwatazama na mwingine wa kumsikiliza aliyetazama.

Sasa tufike kwenye aibu yetu. Mwaka 2009 tulifungua duka dogo la vyakula vya kwetu. Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia mwezi wa Juni, na Magharibi ya Birmingham wakati huo huingia kama saa tatu na nusu usiku. Kuanzia saa mbili watu walijipanga foleni mlangoni. Sisi tulikuwa jikoni tukikaanga, mafuta yakiturukia mikononi, na bado wengine waliondoka mikono mitupu ili waiwahi futari. Binti wa ndugu yetu, mwenye umri wa miaka 19, ndiye aliyekaa kaunta. Usiku mmoja alisema: "Ami, watu wanauliza kama twaweza kuwauzia sambusa mbichi zilizogandishwa, wakakaange wenyewe nyumbani." Tulikuwa tumechoka. Tukamjibu: "Mwanangu, wewe kazi yako ni kupokea pesa."

Hakujibu, kwa kuwa amelelewa vyema. Aliinamisha kichwa, akaendelea kuhesabu chenji. Siku zilizobakia za mwezi ule hakutuletea tena neno lolote kutoka kwa wateja, na baada ya Idi akapata kazi kwingine. Tulikuwa tukifunga hesabu, katika mfungo mosi, tukitazama gharama ya manda na nyama zilizoharibika, pale tulipomkumbuka yule msimamizi wa kiwandani. Maneno yake tulikuwa tumeyahifadhi kwa miaka ishirini, kisha tukamrushia mtoto wetu wenyewe.

Tulikwenda kwao kumtaka radhi. Hatukuzoea mkubwa kumwomba radhi mdogo, na ndani ya gari tulifanya mazoezi ya maneno. Alikubali kurudi siku za Jumamosi. Ramadhani iliyofuata tuliuza sambusa mbichi tangu asubuhi, tukafunga duka nusu saa kabla ya adhana, na kwa mara ya kwanza tangu tufungue duka hilo tulifuturu mezani pamoja na watoto wetu. Si kila alilolisema lilifaulu. Shauri lake la kuwapelekea watu vyakula majumbani lilitutia hasara, tukaliacha baada ya miezi miwili. Hatukumlaumu, na hilo latupasa kulikumbuka zaidi, kwani mwenye kuadhibiwa kwa shauri lililoshindwa hatatoa jingine.

Twajua wapo watakaosema kwamba twafundisha utovu wa adabu, kwani penye wazee haliharibiki neno. Hatuupingi msemo huo. Lakini wahenga hao hao walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na dini yetu iliyotuhimiza kushauriana haikutuambia tushauriane na marika wetu peke yao. Heshima ya mtoto ni namna anavyosema. Heshima ya mzee ni namna anavyosikiliza.

Siku hizi kila Jumatatu usiku, tukishafunga, hukaa jikoni wote wafanyao kazi dukani, na aanzaye kusema ni mdogo kuliko wote. Miongoni mwenu wako wenye saluni, wenye ofisi za teksi, wasimamizi wa vyuo vya Qur'ani na wa vyama vya mazishi. Twawaomba juma hili mumwulize aliye mlangoni kwenu ameona nini, kisha mnyamaze hadi amalize. Akisita, msidhani hana la kusema. Huenda aliwahi kusema, na mliomjibu ni nyinyi.

Wabillahi tawfiq.